Senene kwa Nyanya

Muuguzi wa chumba cha vidonda, pale zahanati yetu ya Kashai, ana vidole vinene na sauti ya mtu anayetoa siri. Kabla hajagusa bandeji husugua ngozi ya pembeni kwa dole gumba, taratibu, kisha huanza upuuzi wake: "Mimi senene nawachemsha na nyanya." Hakuna Mhaya anayeweza kunyamaza akisikia panzi wake watamu wakiharibiwa hivyo. Mgonjwa hufura kwa hasira, hufundisha, huapa kwa jina la marehemu bibi yake, na foleni ya nje huchangia kupitia dirishani. Mimi naandika kadi huku nimeziba mdomo nisicheke. "Maumivu hupita mlango mwembamba," aliwahi kuniambia akinawa mikono. "Ukiujaza senene, yanakwama nje."

Mama Kokwijuka wa Bakoba alikuja ameungua mkono kwa mafuta, akaapa kwamba akishasafishwa mara moja harudi tena. Alirudi siku kumi na nne, kila siku na hoja mpya: senene hutolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na nyanya ni ya watu wasiofunzwa na mama zao. Siku ya mwisho alileta kopo zima la senene. Muuguzi akatafuna amefumba macho, dole gumba bado likisugua mkono uliokwisha kupona.

"Watamu, waitu," akasema, akichomeka neno la heshima la Kihaya. "Ila hawana nyanya."

Mama akafunga kopo kwa kishindo. "Kesho nakuja na sufuria."