Ganda la Mpira na Vidole vya Korane

Korane hajawahi kucheza gofu hata siku moja. Ukimuuliza sababu atakwambia kwamba mtu mzima kupiga mpira mdogo kwa fimbo, kisha kutoka jasho akiutafuta, ni kazi ya mtu aliyekosa mifugo wa kumhangaisha. Lakini pale kiwanjani, nje kidogo ya mji wa Garissa, hakuna aliyeijua mipira ile kama yeye. Wachezaji wenyewe walikuwa wakimpelekea mipira yao awaambie wamenunua nini.

Kiwanja chenyewe usikifikirie kama vile vya kwenye televisheni. Kina mashimo tisa na hakina unyasi hata wa kumdanganya mbuzi. Mchezaji hutembea na kipande cha zulia la plastiki, anakitandika mchangani, anauweka mpira juu yake ndipo apige. Karibu na shimo, mahali ambapo wenzetu wa nyanda za juu wana nyasi laini, hapa pana duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, nao wanaliita brauni. Pembeni kote ni mathenge, ule mti wa miiba uliojipa uraia kila mahali siku hizi. Mpira ukiingia humo, mwenyewe huusahau, na Korane huufuata kesho yake asubuhi kwa fimbo ndefu yenye kikombe cha bati mwishoni.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na minne: kuokota, kuosha na kuchambua. Mchanga wa kule unafuta jina la mpira upesi sana. Baada ya wiki mbili mipira yote ni vidonge vyeupe visivyo na kabila, na mchezaji akichukua usiofaa anaharibikiwa na mchezo. Kwa hiyo Korane alikuwa na meza yake chini ya mabati, na masanduku matatu ya mbao, na kila mpira ulipita mkononi mwake.

Ujuzi huo hakuusomea. Ujanani alikuwa akinunua kondoo soko la mifugo, na mnunuzi wa kondoo hatazami sana. Anaingiza mkono nyuma, anaukamua mkia, na mafuta yaliyomo yanamweleza mnyama alilisha wapi na alitembea siku ngapi. Siku alipoajiriwa kulinda kiwanja, mzee mmoja wa ofisi za maji alimpa mipira miwili, akamuuliza kwa mzaha upi ni laini. Korane akaibonyeza, akaikwaruza kwa ukucha, akajibu. Kisha, kwa kuwa hakupenda kujua jambo nusu, akachukua msumeno wa chuma akaipasua yote miwili aone ndani.

Tangu hapo alipasua mingi. Alikuta kwamba mpira wa kawaida una vitu viwili tu, kiini cha raba iliyokazwa na ganda la plastiki ngumu. Huo unakwenda mbali na mchanga hauuchubui kwa urahisi, lakini ukitua kwenye brauni hauna adabu, unapitiliza hadi mathenge. Mwingine una tabaka jingine katikati, na juu yake ganda jembamba linalonata kidogo. Huo ukipigwa kwa fimbo fupi unajizungusha kurudi nyuma, ukitua unasita, unatulia. Ubaya wake ni kwamba mchanga wa Garissa unaula. Raundi moja tu na ganda limechanika kama kisigino cha kiangazi. Alikuta pia ile ya kizamani, ambayo ndani yake ni nyuzi za raba zilizoviringishwa maelfu ya mizunguko, na siku alipopasua wa kwanza nyuzi zilimrukia usoni, akatukana, akaomba msamaha kwa Mungu, akacheka peke yake.

Alijua mpira uliolala juani saa nane unaruka zaidi kuliko uliotoka majini, ndiyo maana aliifunika mipira ya mashindano kwa gunia lililolowa ili yote iwe sawa. Alijua vile vishimo vya juu si mapambo. Vikijaa udongo mpira unaanguka mapema, kwa hiyo alivisugua kwa mswaki kimoja kimoja. Na alijua tofauti ya kidole na sikio. Kiini hakifikiwi na kidole. Kiini hujulikana kwa mlio, ukiuangusha mpira kwenye saruji. Mgumu unalia juu, laini unalia chini. Ganda ndilo la kidole. Ukucha ukiteleza ni plastiki ngumu, ukucha ukikwama kidogo ni lile laini.

Sasa vidole vilikuwa vimekufa.

Vilianza pole pole, miaka miwili nyuma, baada ya nyayo kufa ganzi. Aligundua wakati wa kutia udhu. Maji yalipita mikononi na macho yakayaona, lakini mikono haikuwa na habari. Korane alikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari kama kawaida, akanyamaza. Aliogopa jambo moja tu: asiye na vidole hana meza, na asiye na meza huwekwa getini kufungulia magari, akae na redio, aitwe mzee. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Hata mkewe Lul, aliyekuwa akimmiminia maji ya udhu kwa birika kila alfajiri kwa miaka thelathini, hakumwambia.

Kisha Lul akafa. Ni miezi kumi sasa. Alianguka jikoni asubuhi, na kufikia alasiri walikuwa wameshamzika. Korane alichota mchanga mara tatu akautia kaburini kama inavyotakiwa, na hakuuhisi mchanga mkononi, wala hakuhisi kitu kingine chochote. Alisubiri. Siku ya tatu alisubiri, siku ya saba alisubiri. Watu walimtazama macho yake makavu wakasema, masha Allah, Korane amejaaliwa subira. Akaitikia alhamdulillahi. Yeye mwenyewe alijua hakuna subira pale. Palikuwa patupu, basi, na alikwenda kazini.

Pale mezani alijitegemea kwa sikio. Aliangusha kila mpira kwenye saruji akasikiliza, na kwa mingi alipatia. Shida ilikuwa ile yenye kiini laini na ganda gumu, ambayo siku hizi imezidi. Mlio wake ni ule ule wa mpira bora, na ganda ndilo linaloitofautisha. Ikaanza kuingia sanduku lisilo lake.

Katibu wa kiwanja, Abdullahi, alimvumilia kwa muda. Ni kijana mwenye heshima, tumbo mbele, na huwa anaanza maneno mabaya kwa sauti nzuri, p ikimgeukia b mara kwa mara kama kwa Wasomali wengi.

"Adeer, wiki hii mara tatu," alimwambia, akimwita ami kwa heshima. "Mtu anabiga mbira wa kusimama, unakimbia mpaka kwa miti. Wanauliza mimi."

"Mchanga umemaliza ganda," Korane alidanganya.

Abdullahi alikwaruza kidevu. "Jumamosi mwalimu wa gofu anakuja kutoka Nairobi kwa mashindano. Amesikia sifa yako. Ataleta mbira sita, majina amefuta yote, uchague mbele ya watu. Ukibatia, meza ni yako mpaka uchoke mwenyewe. Ukikosa, adeer, wallahi si ubaya, nitakupa geti. Upumzike."

Korane alisema sawa. Alijaribu kuogopa, akaona hata woga wenyewe umepungua, umebaki kama jambo aliloambiwa na mtu.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri wakakusanyika chini ya mabati, wachezaji kama kumi na watano, wengine wametoka Dadaab na vumbi lao. Mwalimu alikuwa mama mrefu wa kofia nyeupe, mchangamfu, na aliipanga mipira sita mezani kwa mstari.

"Mzee, nimeambiwa wewe ni mashine," alisema.

"Mashine inataka stima," Korane akajibu, na watu wakacheka.

Akauchukua wa kwanza, akauangusha kwenye saruji. "Hii ngumu ndani, ngumu nje. Ya kuenda mbali." Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Wa pili ulilia kizito. "Hii ya zamani. Ndani iko nyuzi." Watu wakanong'ona. Wa tatu alisema umekaa sana majini, umepoteza mruko, na mwalimu akakiri kwamba aliutoa kwenye bwawa. Wa nne pia akapatia. Abdullahi alikuwa anatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Wa tano na wa sita ikalia sauti moja.

Akaiangusha tena. Sauti moja. Akaishika, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ganda la huu, kisha la ule. Angeweza kuwa anakwaruza hewa. Aliona ukucha unakwenda, akakodoa macho atambue kama unakwama, na jua la jioni likampiga usoni. Watu wakaanza kunyamaza, na Korane alijua ukimya ule. Sokoni ulikuwa ukimshukia mnunuzi aliyekamua mkia mara ya tatu.

Angeweza kubahatisha. Lakini kubahatisha kwenye ganda la mpira, baada ya miaka kumi na minne, aliona ni aibu kuliko geti.

"Hizi mbili kiini moja," alisema. "Ganda ndiyo tofauti. Nibasue moja, muone kwa macho yenu."

Mwalimu alifurahi, akasema hajawahi kuona mtu akiupasua kwa mkono. Korane akatoa msumeno chini ya meza, akauegemeza mpira wa tano kwenye ukingo wa ubao, akaushika kwa mkono wa kushoto, akaanza. Na alipokuwa anakata alikuwa anaeleza, maana sasa alikuwa kwenye jambo analolijua. Akasema ganda hili ni jembamba kama ukucha, msumeno hautelezi, unaingia kama kwenye ngozi mbichi, kwa hiyo huu ndio ule laini, na ule wa sita ni plastiki. Akasema chini yake kuna tabaka gumu, sikilizeni, sauti imebadilika. Akazidi kukata. Hakuna aliyesema neno, naye akadhani wanamsikiliza.

Binti yake Ruweyda alifika wakati huo na chupa ya chai. Anafanya kazi duka la dawa mjini, na kila jioni akitoka humpitia babake.

Mpira ukapasuka. Korane akainua nusu moja juu ili wa nyuma waone.

"Na kiini yake," akasema, "ni nyekundu."

Ruweyda akaiweka chupa chini.

"Aabo," akasema. "Kiini ni cha kijani. Hiyo ni damu."

Akatazama. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimefunguka hadi kwenye kitu cheupe, na damu ilikuwa imejaa meza, imelowesha unga wa raba, inadondokea kwenye kiatu chake. Akakitazama kama anavyotazama mpira wa mtu mwingine. "Hainiumi," akasema, akidhani hilo litawatuliza, na ndipo alipoona nyuso zao.

Ruweyda alimfunga kidole kwa shali yake. Mwalimu akaleta sanduku la huduma ya kwanza kutoka garini, na majibu yalikuwa sahihi, yote sita, lakini hakuna aliyeyataja. Abdullahi alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Adeer, kesho usikuje kwa meza." Korane akasema sawa. Jambo aliloliogopa miaka miwili lilikuwa limetokea, na alikuwa anaona tu kwamba mtu fulani lazima aoshe ubao ule kabla nzi hawajaja.

Katika duka la dawa kidole kilishonwa na sukari ikapimwa. Ruweyda aliisoma namba mara mbili. Kisha nyumbani akamketisha uani kwenye kibao, akachukua mkono wake wa kulia, akaanza kumbonyeza kwa ncha ya kalamu kuanzia kwenye vidole.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Alipanda hivyo hivyo, kiganja, kifundo, juu ya kifundo. Alikuwa anabonyeza kwa utaratibu ule ule ambao Korane aliutumia kwa mikia ya kondoo, na pengine alijifunza kwake bila kujua. Kati ya kifundo na kiwiko Korane akasema, "Hapo." Ruweyda akachukua ile kalamu nyeusi ambayo babake huwekea alama mipira, akachora mstari kuuzunguka mkono.

"Tangu lini, aabo?"

"Kabla ya mama yako."

"Alijua?"

"Hakujua."

Adhana ya magharibi ikaanza msikitini, Ruweyda akaenda akajaza birika kwenye pipa, akarudi akasimama mbele ya babake amsaidie kutia udhu. Tangu Lul afe hakuna aliyemmiminia, alijiosha mwenyewe upesi bila kuyajali maji. Mkono wa kushoto ulipakwa maji tu juu ya bandeji. Kwa wa kulia akamimina, na Korane akayatazama maji yakipita vidoleni, kiganjani, kifundoni, yakiwa mali ya mtu mwingine. Kisha yakavuka mstari mweusi.

Akashtuka.

"Ni baridi," akasema.

"Ni ya pipa, aabo. Huwa ni ya pipa."

"Mama yako alikuwa anayapasha moto."

Ruweyda alisimama na birika mkononi. Hakulijua hilo. Hakuna mwingine aliyelijua, lilifanyika alfajiri, wengine wakiwa wamelala, kwa miaka thelathini, na Lul hakulitaja hata mara moja. Na Korane, katika mwaka wa mwisho wa Lul, alikuwa akimnyooshea mikono isiyohisi, anashukuru kwa mdomo, naye anapasha.

Korane akauweka mkono wenye mstari usoni pake. Akalia pale kwenye kibao, kwa sauti, mara ya kwanza tangu amzike mkewe, na adhana ikaisha kabla hajamaliza udhu.