Shule Mbili za Kampala na Kiwanja cha Mapendo

Niliondoka Goma kwa sababu ya shule mbili. Zote ziko Kampala, na zote zilikubali kunipokea niendelee na usanifu wa majengo: moja ina jina kubwa na ada ya kutisha, nyingine ada yake inalipika ila jina lake halijulikani hata mtaa wa pili. Baba, mfanyabiashara wa maharagwe aliyehamia kutoka Butembo, hakutaka kusikia habari za bei. Vita ilikuwa imemmalizia malori yote, lakini alibaki na kiwanja kitupu kule mtaa wa Mapendo, hapo hapo Goma.

"Masika, nenda uangalie na macho yako," aliniambia. "Ile ya jina njo utasoma. Parseli tutaiuzisha." Yaani nikaone mwenyewe ipi kweli ina jina, hiyo ndiyo nisome, na kiwanja kiuzwe kulipa ada.

Alfajiri nilipanda gari la Rutshuru. Njiani kila kizuizi kina askari wake, na kila askari ana njaa yake, kwa hiyo tulifika tumechoka kushuka na kupanda. Nililala huko Rutshuru kwa shangazi Kavira, dada yake baba, mwenye nyumba ya matofali na migomba nyuma. Alinipakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitazama nikila.

"Unaenda kusoma kuchora manyumba," alisema, "na huku wanayachoma kila siku?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake nilivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda, katikati ya wachuuzi na mizigo yao, na baada ya basi refu nikawa Kampala, miguu imevimba.

Nilianza na shule ya bei nafuu. Iko ghorofani, juu ya maduka ya simu. Karani alinionyesha darasa lenye meza za kuchorea zinazoyumba, akaniambia nikilipa tu naanza.

"Mwalimu wa usanifu yuko wapi?" niliuliza.

"Huja Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi akija."

Mchana nilipanda kilima hadi shule ya pili. Humo wanafunzi walikuwa wamesimama kuzunguka nyumba ndogo za karatasi ngumu, wakibishana mpaka jasho. Mwalimu mmoja, Mkenya, aliomba kuona michoro yangu ya jengo la shule ya msingi, niliyoichora chuoni Goma. Aliinama juu yake muda mrefu.

"Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi? Sioni mtaro."

Nilimweleza kwamba kwetu ardhi ni mawe ya volkano, maji yanazama humo humo. Akaniuliza msingi tunauchimbaje, mbao tunazifungaje, choo tunakiweka wapi. Goma walimu walikuwa wananipa alama tu; hakuna aliyewahi kuniuliza kitu juu ya mchoro wangu kwa sababu alitaka kujua. Nilishuka kilima kile nikijisemea peke yangu njiani kama kichaa. Nilikuwa nimekwisha kuchagua.

Kituoni, siku ya kurudi, kondakta alisema vita imewaka kuanzia Bunagana hadi Rutshuru, njia imefungwa. Tukazungukia Rwanda. Kwenye dirisha la basi niliona vilima vizuri na sikuvifurahia hata kidogo.

Nilipoingia Goma, baba alinipeleka moja kwa moja Mapendo. Katikati ya kiwanja palikuwa na turubai limefungwa kwenye miti, chini mawe matupu, na shangazi Kavira ameketi mlangoni na wajukuu zake. Nyumba yake ya matofali kule Rutshuru ilikuwa imechomwa.

"Karibu, mutoto ya kaka yangu," alisema. "Leo sina bugali ya kukupa."

Nililia pale pale, mbele ya watoto.

Baba alinivuta pembeni. Kwetu tayari wakimbizi wa upande wa mama walikuwa wanalala hadi jikoni. "Mununuzi anakuja kesho, anataka parseli itoke watu," alisema kwa sauti ya chini. "Dada yangu ataenda ku kambi. Nimemuambia, amekubali. Sasa sema: ile ya jina njo gani?"

Aliuliza bila kuniangalia.

"Ile ya bei ndogo, papa," nilisema. "Ile ingine ni kelele tu. Kule Kampala hata hawaiheshimu."

"Kweli?"

"Kweli, papa."

Alivua kofia, akajipangusa uso wote, macho pia. Kisha akamwita dada yake kwa sauti kubwa amwambie wapike, parseli haiuzishwi tena.

Jumapili, baada ya misa, alimshika kila mtu mkono mlangoni mwa kanisa: "Binti yangu anaenda shule kubwa kupita zote za Kampala!" Nilisimama karibu naye nikapokea pongezi. Nilikwenda kule nijue shule iliyo bora, na niliijua. Sasa nafikiri ningekuwa na amani zaidi kama mwalimu yule wa kilimani asingeniuliza neno.