Kipande cha Nyasi Karibu na Kona

Meneja wa timu yetu alianza kama beki wa kushoto, akawa kocha msaidizi, kisha kocha mkuu. Siku hizi anashughulikia usajili na safari, lakini filimbi haijamtoka shingoni. Mimi ndiye mfuaji wa jezi, kwa hiyo humwona kila asubuhi akikagua uwanja, mikono nyuma, midomo ikihesabu hatua. Akikaribia kona ya kushoto hupunguza mwendo, akazunguka kipande cha nyasi chenye urefu wa mtu aliyelala, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Hapo ndipo mdogo wake alipoanguka zamani, wakicheza timu moja, na hakuinuka tena. Wachezaji wetu nao hupakwepa, ingawa hakuna aliyewaambia.

Jumamosi iliyopita winga wa timu ngeni, ambaye hakuwa amewahi kufika kwetu, alikimbia na mpira hadi pale pale, akaruka pembeni ghafla, mpira ukatoka nje. Nilimsikia vizuri. "Samahani, kaka," alisema, akitazama chini. Hapakuwa na mtu. Mapumziko yalipofika, meneja alimshika mkono kijana yule. Ile sauti inayonyamazisha basi zima ilitoka nyembamba, ya kubembeleza.

"Mwanangu, bado amelala?"

"Hapana, mzee," winga alijibu, akishangaa kuulizwa. "Amekaa. Anafunga kamba za viatu."

Meneja akamwachia. Kisha akanigeukia mimi, macho makavu kabisa, akaniuliza kama imebaki jezi.