Kumbana Baba Mkwe Mguu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuzama popote. Mzamiaji Mkuu, mzee mkali aliyetokea bandarini, alinikalisha kwenye bwawa la maji ya kiuno, akanifunika miwani kwa kitambaa cheusi na kuniamuru nifuate kamba kwa vidole mpaka atakapochoka yeye. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Miaka ile wawekezaji walikuwa wameanza kufufua migodi ya zamani upande wa Mbangala, na mashimo yamejaa maji. Sisi tulizama mahandakini kunasua pampu zilizokwama. Humo juu yako ni mwamba, huibuki unapotaka. Kwa hiyo hewa ya mtungi tuliigawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la balaa. Fungu la kwanza likimwishia yeyote, wote mnageuka, na haulizwi mtu. Tope likitibuka hamwonani, basi unambana mguu aliye mbele yako. Ukibanwa, rudi.

Nilipokuwa Mkufunzi nililetewa Gidioni, mume wa binti yangu. Alikuwa na pumzi tulivu kuliko sisi sote. Lakini kwa desturi yetu mkwe hamgusi baba mkwe wake, hata mkono hampi. Kila hewa ya zoezi ilipofika kikomo, aliibuka peke yake kimyakimya badala ya kunibana. Bwawani sawa. Handakini angekufa na adabu zake.

Nikamzuia hatua hiyohiyo msimu mzima. Mkufunzi mwingine hakuwapo. Meneja wa Mgodi alinung'unika kwamba namchelewesha, na binti yangu akaacha kuja kunisalimia, maana asiyehitimu aliondolewa kazini. Iliniuma sana, lakini afadhali binti anayeninunia kuliko binti mjane.

Mwishowe nikamwendea baba yake, mkulima wa kahawa kule kijijini Ruanda. Tulizungumza ndani, Gidioni akisikiliza kibarazani kama inavyompasa mkwe. Mzee akapaza sauti ili mwanawe asikie.

"Ukivua viatu pale shimoni, na ukwe uvue. Ukitoka, uvae vyote."

Tukarudi bwawani. Mwanzoni alinigusa kama anayegusa sufuria ya moto, kisha taratibu mkono ukazoea. Hapo tu ndipo nilipokubali tuingie chini ya mwamba.

Tangu nistaafu, vijana huniuliza mzamiaji huiva kwa muda gani. Muda siujui. Huwa nawasimulia siku ile ya handaki. Pampu ilikuwa mbele yetu, taa yangu inaimulika, na mtungi wangu ulikuwa bado na hewa ya kuifikia. Nikabanwa mguu, kwa nguvu hadi nikasikia maumivu. Gidioni alibeba mtungi mdogo kuliko wangu, na fungu lake la kwendea lilikuwa limekwisha. Tukageuka, tukaiacha.

Juu, Meneja alitusubiri na winchi yake. Gidioni alikwisha kwenda kukaa mbali nami, macho chini.

"Pampu iko wapi?" Meneja akauliza.

"Iko chini," nikamjibu. "Lakini kijana amehitimu."