Simu Iliyojifunza Nguo za Kanisani

Jioni, jua la Kawajense huingia kwetu kwa mlango wa mbele na kumwaga rangi ya mawese sakafuni. Miaka yote mama alikaa kwenye rangi hiyo, barazani, akisalimiana na kila anayepita. Hata sasa nikifumba macho namwona pale.

Presha ya macho ilimchukulia nyuso za watu kidogo kidogo. Siku moja alimwamkia mkwe wake kijana shikamoo, majirani wakacheka. Alicheka nao, halafu akakunja mkeka wake akahamia chumbani, na barazani hakurudi tena. Iliniuma jamani, acha tu.

Mimi nasomea shahada ya pili. Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta kutambua vilivyomo kwenye picha. Nikiwa likizo hupita shule za sekondari, mpaka Kasokola, nawaambia wanafunzi: hapa hakuna uchawi, unaionyesha picha nyingi mpaka inazoea. Sasa kama nashindwa kumrudisha mama barazani, elimu yote hii ya nini? Nikaamua simu yangu ya zamani iwajue watu wetu, imnong'oneze: mama mdogo huyo, mkweo huyo.

Nikazunguka kuwapiga picha. Wee! Nani akubali kupigwa picha na nguo za shamba? "Subiri nioge kwanza," akasema mama mdogo, akatoka na kitenge cha kanisani, kilemba na poda. Jirani yetu mwenye duka akafuata kanzu na kofia ya Idi. Nilipiga tu, nimelewa zile rangi, kama niko ndotoni.

Jumatatu nikamketisha mama barazani, simu inaning'inia kifuani, kamera inatazama njia, waya sikioni. Mama mdogo akatokea na jembe begani. "Huyu simjui," simu ikasema. Jirani akaja na fulana yake ya dukani. "Huyu simjui." Kumbe haikujifunza nyuso, ilijifunza vilemba na kanzu! Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyie wasomi, kazi mnayo."

Nikaanza upya, safari hii watu wakiwa na vumbi na jasho lao. Likizo ilipokaribia kuisha, mama aliita mwenyewe, hata hajaamkiwa: "Mdogo wangu, mbona leo umewahi kutoka shamba?" Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Siku ya mwisho nilitoka stesheni kukata tiketi ya treni. Rangi ya mawese ilikuwa imeshajaa barazani, na mama katikati yake. Nikanyata, nikasimama mbele yake bila kusema neno, nione atakavyoniita. Akasikiliza sikioni. Akajiweka sawa, akafunga vizuri mtandio wake.

"Shikamoo," akaniambia mama yangu.

Picha zote nilizipiga mimi. Mwenyewe simo hata moja.

"Mama, ni mimi," nikasema.

Akanivuta, akanipapasa uso polepole, toka paji mpaka kidevu.

"Basi kaa kwanza," akasema, "ikuzoee."