Chupa ya Kombe

Nyumbani kwetu Mji wa Kale wananiita Bwana Ushahidi, kwa sababu tangu nitoke chuo kikuu siachi kuuliza, "Nani kathibitisha?" Mwezi uliopita mawe yaliziba mrija wa nyongo wa Mama, macho yakawa manjano, ikabidi apasuliwe.

Asubuhi ya upasuaji, Shangazi Zuhura alifika wodini na chupa ya kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi ili mgonjwa anywe.

"Mama amekatazwa hata maji," nikamwambia. Hapo nilikuwa na haki, na ningeishia hapo. Lakini nikaongeza, wodi nzima ikisikia, kwamba zafarani haiyeyushi mawe, na chupa nikaitia mkobani mwangu.

Mama akaingizwa, mlango ukafungwa. Muda aliotutajia daktari ukapita, hakuna aliyetoka. Nikajiuliza maswali yangu yote, na hata moja halikunituliza. Nikaenda kwenye ngazi, nikaifungua ile chupa, nikanywa yote kwa pupa kwa niaba yake.

Kisha muuguzi akatoka: mawe yametolewa, Mama ameamka salama. Shangazi akalia, akaninyooshea mkono.

"Lete chupa yangu, mwanangu. Daktari akiruhusu, atakunywa."

Nikampa. Akaitikisa, kisha akalitazama doa la manjano kwenye shati langu jeupe.

"Haya, Bwana Ushahidi," akasema, "na wewe mawe yako yalikuwa wapi?"