Mtama wa Taa Kule Mandewa

Watu wakiniuliza binti yangu mkubwa anafanya kazi gani, nilikuwa na jibu moja tu: "Yuko kwenye mambo ya kompyuta." Jibu hilo liliwatosha majirani, lakini halikumtosha kaka yangu. Yeye ndiye mkubwa wetu, mwalimu mstaafu, na tangu binti amalize chuo alikuwa amelishikia bango suala la kumrudisha darasani akasomee ualimu, apate kazi ya kueleweka. Kila akisema "ya kueleweka" alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemfundisha mtoto kutoeleweka. Mimi nina hasira za karibu. Tukianza hivyo, mke wangu huondoa vikombe mezani.

Mwisho shauri likafika kijijini Kinyangiri kwa mama. Katika ukoo wetu, mama akishasema hakuna wa kumpinga. Alitusikiliza wote wawili, kisha akasema hawezi kukata neno juu ya kitu asichokiona. Huyo mtoto akifanya hiyo kazi yake mahali, yeye mama apelekwe akaione kwa macho yake.

Binti alipopata habari hiyo alinifuata uani nikilisha kuku. "Baba, bibi akikataa nitafanyaje?"

"Utakuwa mwalimu," nikamwambia. Nilidhani namtania. Hakucheka, na mimi nikaona bora niendelee na kuku wangu.

Maonyesho yenyewe aliyafanyia hapa hapa mjini, Mandewa, yeye na wenzake, kwenye ghala la zamani la alizeti. Walikuwa wameziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, wakafunga projekta na kamera juu kwenye kenchi za paa. Alinieleza kwamba haya si maonyesho ya kusimama ukatazama ukutani. Unaingia ndani ya picha, na picha inakujibu. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, mimi, mke wangu, mdogo wake binti, kaka, na mama aliyekuwa amevaa kitenge chake cha kwendea harusini. Binti alikuja mlangoni, akapiga goti. "Shikamoo bibi." Mama akaitika marahaba, akamshika kichwani, halafu akauliza, "Iko wapi hiyo kazi?" Mama hana mambo mengi. Simu ya kaka ikaita, akabaki nje kuongea, sisi tukaingia.

Nisiseme uongo, nilishangaa. Sakafu nzima ya ghala ilikuwa imeanikwa mtama. Mtama mwekundu na mweupe, punje kwa punje, kama uwanja wa nyumbani kwetu baada ya mavuno, ila huu ulikuwa wa mwanga. Ukiweka mguu, punje zilikimbia pembeni, na ukasikia sauti ya nafaka ikimiminwa kwenye debe. Vijana walikuwa wanarukaruka humo, wanazitimua punje, wanapigana picha na kucheka. Mdogo wake binti hakuulizwa, alishafika katikati. Na mimi nikapita, mzee mzima, nikijitazama miguu.

Nilipogeuka, mama hakuwa nasi. Alikuwa amesimama kizingitini, kandambili mkononi, na nyuma yake foleni imeanza.

"Mama, pita," nikamwita.

"Nipite wapi? Nikanyage mtama?"

Watu wakacheka. Nilimkasirikia kila aliyecheka, na nikamkasirikia mama pia, kwa sababu nilimwona binti amesimama pembeni ya mashine zake ameshika mdomo. Nikarudi mlangoni, nikamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba hizo ni taa tu.

"Najua ni taa," akasema. "Mimi si kipofu. Ni taa ya nini?"

"Ya mtama."

"Basi."

Kwake yeye neno lilikuwa limeisha. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtoto akikanyaga nafaka iliyoanikwa alichapwa kwanza, akaulizwa baadaye. Nilikuwa nimesahau kabisa, na ninaishi mwendo mfupi tu kutoka huko.

Mama akafuata ukuta, mguu mbele ya mguu, kwenye ukanda mwembamba wa giza, mpaka akafika mahali pasipo na vurugu. Akachuchumaa. Akapitisha kiganja sakafuni, taratibu, jinsi wanawake wa kwetu wanavyokusanya nafaka jioni kabla ya kuianua. Punje zikamfuata. Akazisukuma nyingine, zikaja. Lundo likakua mbele ya magoti yake, na sauti ya debe ikawa ndogo, laini. Akatulia, mkono umelala pembeni. Na pale alipotulia, mtama ukaanza kuota. Majani mawili, manne, kisha shina zima likapanda hadi ukutani juu ya kichwa chake.

"Hiyo hakuna aliyeiona tangu tufungue," binti akaninong'oneza. "Mpaka mtu atulie. Wote wanakimbia."

Wale vijana waliokuwa wanaruka waliacha. Dada mmoja akavua raba, akaja kuchuchumaa karibu na mama. Kisha mwingine. Viatu vikajaa mlangoni kama msikitini siku ya Ijumaa. Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta. Kulikuwa na giza, na hata kungekuwa na mwanga nisingeyafuta. Yule mtoto alikuwa wangu, na kitu alichokitengeneza kilikuwa kimewafanya watu wa mjini wapige magoti mbele ya mtama.

Hapo ndipo kaka alipoingia, bado anarudisha simu mfukoni. Akapiga hatua mbili kubwa na viatu vyake vya ngozi, punje zikatawanyika.

"Wewe!" Mama hakunyanyua hata uso. "Vua viatu. Huoni mtoto ameanika?"

Kaka yangu, aliyekuwa mwalimu mkuu miaka yote ile, akarudi nyuma, akainama akafungua kamba. Akabaki na soksi, viatu mkononi, hajui aende upande gani. "Mama, sasa nipite wapi?"

"Unaniuliza mimi?" mama akasema, mkono ukiendelea na mtama. "Muulize mwenye kazi yake."

Kaka akamgeukia binti yangu.

"Mwanangu," akasema, "nipite wapi?"

Binti akaenda akampokea viatu, akamshika mkono. "Pita huku ukutani, baba mkubwa. Taratibu."